Mchumba anasema kule porini hakuna anayeangalia pasi, ila mi roho inasita

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usilitoe manake ndugu wa mwenzangu nao wanakusoma. Mi ni binti wa miaka 29, naishi Tabata, nafanya kazi kampuni ya kliaringi pale mjini, kutwa nashinda na makaratasi ya kontena. Mchumba wangu kazaliwa hapa hapa Dar ila wazazi wake walihamia Marekani akiwa mdogo, kakulia Minneapolis na ni raia wa kule. Tulijuana alipokuja kwenye harusi ya binamu yake Mbezi, na barua ya posa imeshapokelewa nyumbani, kwa hiyo siyo mtu wa kupita Anti, ni mtu ambaye nimemuweka moyoni.

Sasa huyu mwenzangu kila kiangazi yeye na marafiki zake wanaenda kupiga kambi na mitumbwi kwenye maziwa ya kaskazini mwa Minnesota, pori linaitwa Boundary Waters, limepakana na hifadhi ya Canada inayoitwa Quetico. Wanapiga kasia, wakifika mwisho wa ziwa wanaubeba mtumbwi mabegani wanakatiza nao msituni hadi ziwa linalofuata, usiku wanalala kwenye mahema. Kanitumia video nyingi hadi na mi nimelipenda, kuna moja asubuhi na mapema ukungu umekaa juu ya maji na yeye anaongea kwa kunong'ona kana kwamba kuna mtu kalala pembeni, huwa nairudia sana hiyo.

Mwaka huu mwezi wa nane kasema lazima twende wote, anataka marafiki zake wanijue. Viza ya Marekani ninayo, nilipewa kipindi cha mafunzo ya kazi na bado haijaisha. Tiketi kashakata, likizo nimeshaomba na bosi kakubali.

Shida imeanza aliponitumia skrinshoti za vibali alivyobuku. Kimoja cha Boundary Waters, kimeandikwa sehemu ya kuingilia Moose Lake, tarehe, na idadi ya watu. Kingine cha Quetico. Nikafuatilia ramani nikaona siku ya kwanza tunalala upande wa Marekani, halafu tunapita sehemu inaitwa Prairie Portage, siku zote zinazofuata tuko Quetico. Nikamuuliza si ndo Canada hapo? Akasema ndiyo. Nikamwambia mi sina viza ya Canada. Akacheka, akasema kule ni msitu, hakuna kaunta ya Uhamiaji, yeye ana kibali kinaitwa RABC cha kuvuka mpaka sehemu za porini bila kupita kituoni, kwa hiyo tutavuka wote. Nikambana kidogo akasema kuna mkataba wa tangu 1842 unaoruhusu watu kupita na mitumbwi kwenye hayo maji ya mpakani, na pia mke wa rafiki yake ni Mfilipino na aliwahi kwenda na hakuna aliyemuuliza kitu.

Mi sikuridhika, nikauliza kwenye grupu lao la WhatsApp aliloniunga, jamani kwa mtu mwenye pasi ya Tanzania inakuwaje hapo mpakani? Kimya. Baadaye mmoja akaweka emoji ya kucheka basi. Jioni mwenzangu akanipigia amekasirika kweli, eti nimemwaibisha, eti kazi yangu imeniharibu naona karatasi kila mahali, eti kama simwamini kwenye safari ya mtumbwi nitamwamini vipi kwenye ndoa. Hilo la mwisho Anti liliniuma mpaka leo.

Mama anasema nisiende kabisa, nikipata matatizo kwenye msitu wa watu nani atanitoa. Kaka yangu anasema wewe acha kumkwaza mwenzio kwa ajili ya makaratasi, wangapi wanaitafuta hiyo nafasi. Mi nampenda na nataka kwenda, ila nikilala usiku naona ile skrinshoti. Nimwamini tu niende, au nikatae nionekane sina imani naye?

Msomaji wako, Tabata

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikairudia, na kwanza nikupe pole kwa hilo neno la ndoa, manake hilo siyo neno la safari, ni neno zito limetupwa katikati ya ugomvi wa kitu kingine na sasa limekaa kifuani kwako. Tutalirudia.

Nikikuelewa vizuri, shida yako iko hivi. Unampenda mwenzio, unaitaka safari, na kuna mstari katikati ya ziwa ambao yeye anauvuka kama anavuka chumba na sebule, wewe huwezi kuuvuka hivyo, na ulipolisema hilo likageuka kuwa swali la imani. Kwa hiyo umebaki na milango miwili tu, nimwamini niende au nikatae. Mi naomba tuanzie hapo hapo, kwamba milango ni miwili kweli?

Ila kabla ya mapenzi tuongee makaratasi, na usijisikie vibaya kwa kuyajali, kwenye hili kazi yako haijakuharibu hata kidogo, imekusaidia kuona kitu ambacho wenzio kwenye grupu hawakiangalii kwa sababu hakiwagusi.

Hizo skrinshoti mbili ni vibali vya hifadhi. Cha Boundary Waters kinakuruhusu kuingia kwa sehemu fulani siku fulani na kulala porini, na kundi haliruhusiwi kuzidi watu 9 na mitumbwi 4. Buking zake huwa zinafunguliwa Jumatano ya mwisho ya Januari na sehemu zinazopendwa zinaisha haraka, kwa hiyo mwenzio kweli kahangaika, mshukuru kwa hilo. Cha Quetico nacho kinatolewa na mamlaka ya hifadhi za jimbo la Ontario. Lakini vyote viwili havikuingizi kwenye nchi ya mtu. Kuingia Canada ni suala la CBSA, wale wa mpakani wa Canada, na kurudi Marekani ni suala la CBP, wale wa mpakani wa Marekani. Ni kama kwetu Serengeti na Maasai Mara, nyumbu anavuka anavyotaka, ila mtalii mwenye risiti ya hifadhi mkononi haruhusiwi kukatiza pale geti la Bologonja, limefungwa tangu 1977, inabidi azunguke Sirari au Namanga agongewe muhuri.

Sasa hiyo RABC. Ni kibali halali kabisa na mwenzio hakudanganyi kusema anacho. Ila kinatolewa kwa raia wa Canada na wa Marekani, na kwa wakaazi wa kudumu wa nchi hizo mbili, basi. Mtanzania mwenye viza ya kutembea Marekani hayumo, na kuwa kwenye mtumbwi wa mtu mwenye kibali hakukufanyi uwemo. Na hata chenyewe kimetangazwa kuisha tarehe 14 Septemba 2026, baada ya hapo wanaoingia kwa njia za porini itabidi waripoti CBSA wenyewe kituoni au kwa simu kutoka sehemu zilizotengwa. Safari yenu ni mwezi wa nane kwa hiyo yeye bado kinamfaa, wewe hakikuhusu kabla wala baada.

Kuhusu yule shemeji Mfilipino mi ningeuliza swali moja tu kwa upole, alikuwa na karatasi gani? Mtu aliyeolewa kule akawa na green card anakuwa mkaazi wa kudumu na RABC anaweza kuipata. Inawezekana kabisa alivuka kihalali na mwenzio akadhani alivuka kwa sababu hakuna anayeuliza, hizo ni habari mbili tofauti.

Na mkataba wa 1842 upo, Webster-Ashburton, alioupata mwenzio siyo uongo, wala simlaumu kuutaja. Unasema njia za maji na zile njia za kubebea mitumbwi kwenye mstari wa mpaka, kuanzia Lake Superior hadi Lake of the Woods, ziwe wazi kwa raia wa nchi zote mbili. Raia wa nchi zote mbili, mwanangu. Na unaongelea kupita kwenye huo mstari, siyo kuingia ndani ya Quetico ukapiga hema ukakaa siku kadhaa.

Kwa hiyo ukiwa na pasi ya Tanzania unahitaji viza ya Canada, na kuingia kwako ni kwa kituo cha mpaka ambako ofisa atakuona uso kwa uso. Kuna nchi ambazo watu wake wakiwa na viza ya Marekani wanaruhusiwa kuingia Canada kwa ndege kwa eTA tu, kile kibali cha kuomba mtandaoni, bila viza, hao Wafilipino wamo, sisi hatumo, na hata wao ni kwa ndege siyo kwa mtumbwi.

Sasa je, ni kweli kwamba kule hakuna anayeangalia? Hapa nakuwa mkweli kwako, siku nyingi mtu anaweza kupiga kasia kutwa nzima asimuone ofisa wa mpaka. Lakini pale Prairie Portage kuna kituo cha maaskari wa hifadhi ya Quetico ambapo kundi linajiandikisha, siyo kichaka kitupu. Na hayo ni ya siku ambayo mambo yameenda sawa. Mi ninayoiwaza ni ile siku ambayo mtu kateleza na mtumbwi mabegani, mguu umevunjika, simu haina mtandao, na mnaokolewa mnapelekwa hospitali upande wa Canada. Hapo ndo pasi inafunguliwa. Fomu za viza za nchi hizi zinauliza kama umewahi kukiuka masharti au kuondolewa nchini, na nchi hizo mbili zinapeana taarifa za wanaovuka mpaka. Halafu kuna kurudi Marekani, manake kila anayerudi kutoka upande wa Canada anatakiwa kuripoti CBP hata kama katokea ziwani, sasa utaripoti vipi kwamba unatoka nchi ambayo hukuingia?

Kuna jambo jingine sijui kama mwenzio analijua kwa kuwa yeye halimgusi. Tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani imesimamisha kutoa viza mpya za utalii na biashara kwa sisi Watanzania. Zilizotolewa kabla ya hapo hazikufutwa na tangazo lile. Maana yake hiyo stika iliyoko kwenye pasi yako leo ni kitu ambacho ukikipoteza hauendi tu dirishani kuomba kingine. Na nyie ni watu wa posa tayari, mbele yenu kuna makaratasi ya familia ambayo ni makubwa kuliko ya safari ya mtumbwi.

Naye hayuko salama kama anavyodhani. Anayetumia RABC vibaya anaweza kunyang'anywa, kupigwa faini, hata vifaa vyake kushikiliwa. Hilo ulimwambie kama mtu anayemjali, siyo kama kitisho.

Sasa turudi kwenye moyo. Wewe umeshaamua kwamba kuuliza ni sawa na kutomwamini? Manake nikisoma barua yako naona hilo yeye ndo kalisema na wewe umelibeba. Mi sioni hivyo. Unaweza ukamwamini mtu kwa roho yako yote, kwamba atapiga kasia vizuri, atakufungia hema, hatakuacha nyuma, na bado ukajua kwamba ofisa wa mpaka haangalii mapenzi yenu anaangalia pasi yako. Imani yako kwake haibadilishi kilichoandikwa kwenye pasi.

Na naomba vile vile umuangalie yeye kwa jicho jingine kidogo. Huyu ni mtu aliyekua na pasi ambayo haimuulizi maswali. Simtetei kwa maneno aliyokupigia nayo simu, yaliuma na anapaswa kuyajibu, ila nahisi hasira yake ilikuwa na aibu ndani, kijana kapanga safari miezi yote hiyo kumuonesha mchumba wake kitu anachokipenda kuliko vyote halafu mbele za rafiki zake ikaonekana hakufikiria jambo la kwanza kabisa. Swali lako lilikuwa sahihi, ila labda pale kwenye grupu halikuwa na nafasi ya kujibiwa vizuri, kule hawezi kusema sijui bila kujisikia mdogo. Je, umewahi kumwambia mkiwa wawili kwamba unaitaka hii safari? Kwamba ile video ya ukungu unairudia? Naona umemwambia unachoogopa, sijaona kama umemwambia unachokitaka.

Njia ziko kadhaa na kila moja ina uzito wake.

Mnaweza kubaki upande wa Marekani safari yote. Hili watu wengi hawalijui, kibali cha Boundary Waters kinakubana siku na sehemu ya kuingilia, ukishaingia unazunguka utakavyo. Kutoka hiyo hiyo Moose Lake mnaweza kukata kwenda Newfound na Ensign Lake, ambayo iko Minnesota yote, badala ya kupanda Prairie Portage. Pori lina maziwa zaidi ya elfu moja na sehemu za kupiga kambi kama 2,000 zilizotengwa, hamtakosa pa kulala. Gharama yake ni kwamba kundi zima litatakiwa kubadili mpango, pengine pesa ya Quetico ipotee, na lazima mwenzio awaambie wenzake sababu. Hapo utaona anavyokusemea mbele ya watu, na hilo lenyewe ni jambo la kuliangalia.

Mnaweza pia kuomba viza ya Canada. Ni dola 100 za Canada na 85 za alama za vidole, na majibu hayana uhakika wa siku wala wa kukubaliwa. Ukipata, unaingia kwa barabara pale Pigeon River, unagongewa, na mnaanzia safari upande wa kaskazini pale Dawson Trail, French Lake, njia ya Thunder Bay kwenda Atikokan. Ni safari tofauti na kibali tofauti, na kabla ya kutoka Marekani hakikisha kwenye stika ya viza yako pale penye Entries pameandikwa M, yaani kuingia mara nyingi, manake kama umepewa kuingia mara moja tu kurudi kunaweza kuwa na utata. Hatari ya hii njia ni muda, na kama ikikataliwa hilo nalo linabaki kwenye rekodi yako.

Au muigawe safari. Mnalala wote siku za mwanzo upande wa Minnesota, halafu wao wanavuka na wewe unarudi mji wa Ely kumsubiri, kama kuna mtu wa kukurudisha, manake kupiga kasia peke yako bila uzoefu hapana, hapo nakusihi. Wengine hili linawafaa, wengine linawaachia donge, kwamba nilitoka Tabata kuja kukaa hotelini. Jiulize wewe ni wa upande gani.

Na kutokwenda kabisa mwaka huu nako ni njia, kama anavyosema mama. Inailinda viza. Ila naogopa ukikatalia hapo bila maongezi, lile neno la ndoa litabaki halijajibiwa, na mtalikuta mbele kwenye jambo jingine.

Kwenda kama alivyopanga yeye nako siwezi kujifanya hakupo, ni mwili wako na ni uchumba wako. Nimekwambia kilichoko ndani yake, ukiwa unakipima usikipime kwa sababu ya kaka wala marafiki wa kwenye grupu, wao siku ya kujaza fomu hawatakuwepo.

Mi ningekuomba mpige video mkiwa wawili tu, jioni yake hata kama kwako ni alfajiri, mfungue ramani wote. Muoneshe ule mstari unavyokatiza Basswood Lake, umwambie mpenzi hapa wewe unapita na mimi sipiti, twende wapi? Kisha unyamaze umsikilize. Na likishaisha la ramani mwambie kwamba lile la ndoa lilikuuma, bila kulipunguza.

Kama mtaegemea kwenye viza ya Canada, ombi liingie wiki hii hii, mwezi wa nane haupo mbali. Na ukishajua yule shemeji Mfilipino alivuka na karatasi gani, tafadhali niandikie tena.

Anti